Kitenzi cha Kuua

Jumatatu, 24 Oktoba

Herufi za Kiebrania tena. Profesa anapiga ubao na rula, sisi tunaitikia kama mbuzi: alefu, beti, gimeli. Kutoka kuume kwenda kushoto. Niliacha duka la mama yangu kule Butembo nije Goma kusomea uchungaji. Nimepata nukta. Nukta chini, nukta juu, nukta ndani ya tumbo la herufi. Profesa anasema bila nukta hizi hakuna mutu atamwelewa Mungu. Akapanguza miwani na kitambaa alichonunua Ubelgiji. Mungu wa nani?

Mwanamuke darasani ni mimi peke yangu. Wananiita "mama muchungaji", wanacheka. Wapumbavu.

Jumatano, 26 Oktoba

Anayekaa pembeni yangu ni Papa Bizimana. Muchungaji wa Kiwanja, muzee wa mvi, kanisa lake limemutuma atafute diploma. Anashika kalamu kama jembe. Daleti na reshi, herufi zinazofanana, anazichanganya kila siku. Leo tena, kwa sauti ya chini: "Dada Kavira, hii ni ipi?" Nikamwonyesha. Ndani yangu nilimuzarau. Angebaki na maharagi yake.

Jumamosi, 29 Oktoba

Vita imefika Kiwanja. Simu ya bibi yake, mama wa mutoto wake Furaha, haipiti. Muzee amezunguka uani tangu asubuhi, simu juu, anatafuta rezo. Barabarani watu wanashuka na magodoro kichwani. Jioni wenzangu waligombania vichwa vya samaki. Wachungaji wa kesho hao.

Jumatatu, 31 Oktoba

Kitenzi cha kwanza. Kitabu cha Profesa kimechagua "kuua". Kupanda kupo, kula kupo, kulala kupo. Waandishi wakachagua kuua. Katal, aliua. Katalta, uliua. Katalti, niliua. Darasa likaimba.

Zamu ya Papa Bizimana. Akasimama. Akafunga kitabu.

"Muzee, tunakungoja," Profesa akasema.

"Profesa, hiyo sitaisema."

"Ni sarufi tu. Si dhambi."

"Najua. Lakini kwetu wanaua sasa hivi, na bibi yangu sijui yuko wapi. Unipe kitenzi kingine."

"Kiebrania hakiwezi kungoja Kiwanja."

Watu wakacheka. Wakacheka! Papa Bizimana akakusanya vitu vyake, akatoka. Hakuna aliyemufuata. Mimi pia nilikaa. Zamu yangu ilipofika nikakisema kitenzi chote bila kosa. Profesa akanisifu.

Jumanne, 1 Novemba

Kesho interro, mutihani mufupi, kitenzi hicho hicho. Asiyekuja, zero, bila huruma. Profesa alitamka "bila huruma" kama mutu anayeonja mchuzi.

Jumatano, 2 Novemba

Sikufanya interro. Asubuhi nilimukuta Papa Bizimana mulangoni, anapatana na mutu wa pikipiki. Anaenda Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita, kumutafuta bibi yake. Nikapanda nyuma yao. Hakuniuliza kitu.

Sikuwa nimeelewa. Watu juu ya mawe meusi ya volkano, watu ndani ya madarasa ya shule, watu mpaka ukingo wa barabara. Tulizunguka tukiita Mama Furaha. Tulionyeshwa akina Mama Furaha wengine. Mchana ukiwa mukali tukamupata: amekaa juu ya sufuria iliyogeuzwa, mutoto mugongoni, Furaha pembeni. Alimwangalia bwana yake. Kisha: "Umekula?"

Papa Bizimana akalia. Nikageuka upande.

Nikamwambia turudi, nitamwombea kwa Profesa.

"Dada, kanisa langu lote liko hapa. Nirudi kufanya nini?"

"Mwaka wako utapotea, papa."

"Upotee."

Nilirudi peke yangu na hasira. Hasira ya nani, sijui.

Alhamisi, 3 Novemba

Zero. Profesa aliisoma mbele ya wote, akauliza nilikuwa wapi. Kanyaruchinya, nikasema. Kumutafuta mutu. Akajibu kwamba huruma ni nzuri lakini haikufundishi sarufi. Wenzangu wakaandika. Kweli, wakainama wakaiandika sentensi hiyo.

Jumapili, 6 Novemba

Nilipeleka blanketi na sabuni. Nilimukuta Papa Bizimana anazika mutoto wa jirani yao. Kuhara. Pale hakuna udongo, ni mawe tu. Wanaume waliyang'oa kwa mikono, wakapata shimo fupi. Sanduku hakuna, kitenge.

Papa Bizimana akaniita kwa kichwa. Nikashika upande wa miguu. Alikuwa mwepesi sana.

Aliomba kwa Kinyarwanda. Maneno mengi sikuyaelewa. Tukarudisha mawe moja moja, polepole, yasigongane.

Mama wa mutoto aliniuliza jina langu. Nikamwambia. Akasogea kidogo juu ya jiwe lake, akaniachia nafasi. Nikakaa.