Chuma Chenye Mkia

4 Machi

Kwa Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kiwiko chako kimepunguza kelele. Huku hatujambo. Mjukuu wako Bonge ana meno mawili juu na mawili chini, na anakula kama mtu aliyeajiriwa kula.

Baba, naomba kazi ya mikono yako. Tangu mwanao alipotutoka, lile gitaa lake la kulaza mapajani nimekuwa nalifuta vumbi tu. Sasa mwenye bendi amesema nafasi yake bado iko wazi. Aliposikia kwamba mume wangu alinifundisha, akanipa hadi mwisho wa Mei nikajaribiwe. Nikipata, naacha kufua nguo za watu. Nikikosa, ndiyo hivyo tena.

Shida ni mkono wa kushoto. Unajua pasi ya kule kwa dobi ilivyonifanya, kidole cha pete na cha mwisho havinyooki. Gitaa hili hulikandamizi kwa vidole. Unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na mkono wa kulia unadonoa. Uzi unalia mbele ya chuma, lakini na nyuma nako unalia kidogo, kule kwenye vichwa vya kukazia. Mpigaji mwenye vidole vizima huburuta vile viwili nyuma ya chuma, kunyamazisha upande huo. Mimi sina cha kuburuta. Wimbo wangu ukipanda, ule wa nyuma unashuka, kama watu wawili wanaopishana kwenye ngazi.

Unaweza kunikerezea chuma chenye mkia? Kitu cha kulalia nyuzi badala ya vidole vyangu.

Bonge yeye hana neno. Anatambaa hadi kichwani mwa gitaa, anategesha sikio pale penye sauti ya nyuma, anacheka.

Mwanao,
Mama Bonge


17 Machi

Mwanangu Mama Bonge,

Marahaba. Kiwiko kinauma lakini mdomo mzima, kwa hiyo anayepata tabu ni jirani yangu mchomeleaji. Mbusu Bonge, mwambie ajira ya kula isije ikamfilisi mama yake.

Chuma chako hiki hapa. Nimekikereza kutoka kwenye shafti ya pampu iliyokufa. Ni kizito makusudi, kitulie juu ya nyuzi bila wewe kukibana. Ubavuni nimechimba mfuo wa kidole gumba. Nyuma nimefunga ulimi wa ngozi kwa skrubu mbili. Niliwauliza wapiga gitaa wa hapa kama wamewahi kuona chuma chenye mkia, wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, ukimaliza mkia usisahau masikio." Wacheke tu. Mimi na wewe tumetengeneza kitu ambacho hakikuwepo.

Nimekata viwili. Kimoja nimebaki nacho, ili ukisema punguza hapa, ongeza pale, nijue unasema nini.

Nijibu jambo moja. Huyo mtoto anacheka vipi pale kichwani? Kama anayechekeshwa, au kama anayemjua mtu?

Babu yake Bonge


2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Vipi kiwiko, vipi karakana? Mimi sijambo. Bonge nitakueleza.

Chuma kinateleza kama sabuni kwenye sinia, na mkono hauchoki. Ila ngozi ni ngumu. Inalalia nyuzi nyembamba, inaziacha zile nene. Kwa hiyo nyuma zimebaki zile nene peke yake, na Baba, sijui niandike vipi usinione nimechanganyikiwa. Ni kama mtu anayeongea chumba cha pili. Maneno huyashiki, lakini unajua pale anapopumua.

Uliuliza anacheka vipi. Hacheki tena. Anasikiliza. Anatulia, anatikisa kichwa kukubali, anatulia tena. Jana asubuhi nilikuwa nafua, gitaa liko ndani ya sanduku lake, limefungwa. Nikamkuta ameegemeza sikio kwenye sanduku, anakubali vile vile. Maziwa hataki, mashavu yameanza kulegea. Nikimwita hageuki. Mara moja tu aligeuka, akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekatiza maongezi. Kisha akasema neno lake la kwanza. Alisema "baba."

Sikumfundisha mimi. Ningemfundisha amwite nani? Mwanao alituacha huyu bado yuko tumboni.

Kupiga siwezi kuacha, siku ya kujaribiwa inakuja. Na mtoto siwezi kumpoteza nikiwa nimemshika. Nakuomba mkia laini, unaofunika nyuzi zote.

Mwanao,
Mama Bonge


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, natumaini hamjambo. Barua yako imelainika kwa kushikwa.

Nilitaka kujaribu mkia kabla ya kukutumia. Nikakaza nyuzi juu ya ubao, nikaubana kwenye jiriwa, nikaweka kile chuma cha pili. Halafu nikang'oa ngozi, nisikie hasa unacholalamikia.

Mume wako alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akiniletea chakula hapa. Mashine zinanguruma, akiita simsikii, basi akisimama mlangoni anapiga mluzi, unaanzia juu unashuka polepole. Nilipandisha chuma, na nyuma mluzi ukashuka. Ule ule. Niligeuka kupokea sahani.

Mchomeleaji alichungulia akasema, "Mzee, umeacha nati, sasa unakereza nyimbo?" Nikadonoa tena. Akavua miwani yake ya kazi, akaangalia mlangoni muda mrefu. Tangu siku hiyo anapita ng'ambo ya barabara, na salamu zake ni za kupunga mkono.

Mkia laini sikuutengeneza. Nisamehe. Wewe unaiona kasoro ya chuma, mimi naona mtu anabisha hodi. Ng'oa hata hiyo ngozi niliyokuwekea. Kisha niletee mtoto. Mimi nashika sauti tu, yeye anashika maneno. Akae kwangu kidogo anisikilizie. Kuna mambo sikumwambia mwanangu, na nadhani na yeye alikuwa na yake.

Babu yake Bonge


29 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Sijawahi kukukatalia jambo, hata lile la kunyoa nywele za mtoto nilikubali. Hili sikubali. Mtoto haji.

Mkia nimeutengeneza mwenyewe. Nimekata soksi ya sufu ya Bonge, nikaikunja mara mbili, nikaishonea kwenye ngozi yako. Juu yake nimetia springi ya kalamu, iwe inaisukuma chini. Ni kituko kukiangalia, kama panya aliyekaliwa. Lakini kinafunika nyuzi zote. Nilipodonoa, nyuma palikuwa kimya kabisa, na wimbo ukatoka peke yake, msafi.

Bonge alipiga kelele kama mtu niliyemnyang'anya kitu mkononi. Akalia akachoka, akalala. Alipoamka aliomba maziwa, akayamaliza, akaniangalia mimi.

Na mimi nililia, Baba. Usidhani sikutaka kusikia. Mimi ni mke wake. Kuna siku nilikuwa naacha nyuzi nene makusudi, mtoto akiwa amelala, nione kama mume wangu ataniita. Lakini huyu mdogo ana maisha ya kuishi upande huu, na anayempikia yuko upande huu.

Nakutumia mkia mwingine, nimeushona kutoka soksi ya pili. Uufunge kwenye kile chuma chako. Nakuomba kama binti anavyomwomba mzazi. Halafu uje wewe kwetu. Kitanda kipo, na Bonge anahitaji mtu wa kumvuta masharubu.

Mwanao,
Mama Bonge


11 Mei

Mama Bonge,

Mkia umefika. Ni bora kuliko wangu, na wazo la springi ni la fundi. Nitaufunga kesho.

Leo bado anaeleza.

Baba


28 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Sisi wazima, ila roho haijatulia kwa sababu umenyamaza. Barua zangu za Mei na ya juzi sijui kama zilikufikia.

Nafasi niliipata. Mwenye bendi aliufunga mdomo aliotaka kuutumia kunicheka, akaniambia nilete sare ya mume wangu ipunguzwe mabega. Wapigaji wengine wanakigeuzageuza chuma chetu, wanauliza kinauzwa wapi. Nawaambia fundi ni baba mkwe wangu, ana shughuli kidogo. Bonge anasimama kwa kushika kiti. Anasema "mama" kutwa nzima, hadi natamani anyamaze, kisha nashukuru kwamba hanyamazi.

Mchomeleaji alinitumia salamu kwa dereva wa lori. Anasema hajakuona tangu mwezi uliopita, wala majirani zako hawajakuona. Karakana iko wazi, kofia yako iko kwenye msumari. Ubao uko kwenye jiriwa na chuma kiko juu yake. Mkia wangu uko pembeni, skrubu ziko juu ya karatasi, hazijaguswa.

Jana mchana nilikuwa nabadilisha uzi uliochakaa. Nikainua mkia kidogo, nikadonoa kupima. Baba, nyuma walikuwa wawili. Walikuwa wanapokezana, mmoja anaeleza, mwingine anaitikia. Bonge alikuwa mezani anakula. Akaweka kijiko chini, akageuza kichwa, akaanza kutabasamu. Nikaushusha mkia. Springi sikuiamini, nikakandamiza kwa kiganja hadi nyuzi zikaniachia alama. Alisubiri kidogo, halafu akachukua kijiko chake.

Sitauinua tena. Kwa hiyo kama uko mzima mahali, kama umesafiri tu, au umenikasirikia tu kwa sababu ya mtoto, niandikie. Hata mstari mmoja, hata uwe wa kunigombeza. Uandike kwa kalamu, Baba, utie na stempu. Kwa njia nyingine yoyote sitakusikia.

Mwanao,
Mama Bonge