Mwiko wa Samaki

Jumatatu, 17 Oktoba 1983

Tumempokea wodini Mzee Saburi wa Lionja. Alianguka kutoka kwenye mkorosho mwezi uliopita, akalala ndani wiki tatu, sasa mguu umevimba. Damu imeganda mshipani. Daktari Dunstan kaagiza heparini, ya kuzuia damu isigande. Mkewe, Mama Mwamina, kasema samaki ni mwiko kwa mzee. Watu wa huku na miiko yao! Sisi Bukoba tungekufa njaa. Nimeandika kwenye daftari la jikoni: Saburi — mwiko, samaki. Mpishi kauliza mwiko upi, wa kusongea ugali? Tumecheka.

Jumatano, 19 Oktoba

Heparini imezidi. Damu puani, damu kwenye mkojo. Daktari katoa dawa ya kuizima, protamini, vichupa vya msaada. Nesi Auleria kachoma taratibu, dakika kumi — anasema. Mimi sikuangalia saa. Presha ilikuwa 130. Ikashuka hadi 60! Mapigo yakapotea, midomo ikavimba. Miguu juu, dripu, adrenalini. Baada ya robo saa kafumbua macho.

Daktari kasema Auleria kaharakisha. Dawa hii ukiikimbiza inaangusha presha. Binti kaenda kulia stoo. Sikumtetea.

Alhamisi, 20 Oktoba

Damu imeanza tena. Daktari anataka protamini nusu dozi, saa nane mchana, nichome mimi mtu mzima.

Mama Mwamina kaniuliza kama ile sindano ilikuwa na samaki. Nikacheka — samaki kwenye sindano, mama? Akasema mara ya mwisho mzee kuonja samaki ilikuwa harusini Nkowe. Mchuzi wa dagaa, kijiko kimoja tu. Midomo ikavimba vilevile, akazimia.

Kumbe si mwiko wa ukoo?

Ukoo gani, mwanangu, ndugu zake wote wanakula! Mwili wake ndio unakataa.

Nimesoma karatasi ya ndani ya boksi la protamini. Herufi ndogo mno. Dawa inatengenezwa kutokana na shahawa za samaki. Nimesoma mara tatu. Naogopa. Kwenye faili lake hakuna neno samaki. Liko jikoni, kwa mwandiko wangu.

Saa nane kasoro dakika mbili. Daktari ananiita, yuko kando ya kitanda cha mzee. Auleria ameshaandaa trei, bomba la sindano limejaa. Hanitazami.

Nimechukua daftari la jikoni, nikamwonyeshe daktari. Trei nimeiacha mezani. Dawa nyingine ya kuizima heparini hatuna.