Kipande Kimoja Baada ya Chakula

4 Februari

Kitinda mimba wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila miguu inagombana na ngazi za zahanati. Usihangaike kupiga, sikio langu na simu hawapikiki chungu kimoja. Niandikie.

Daktari ameniandikia sindano za kushusha sukari. Nikamwuliza, sasa mwoka keki kama mimi mikono yangu niipeleke wapi? Akacheka. Akasema nile mboga na maharage, nitembee kila asubuhi, na kipande cha keki nikipenda, kidogo, baada ya chakula, si badala ya chakula. Nilifurahi mpaka nikasahau mkoba kwake! Jumapili nikaoka ile ya ndimu, nikala kipande cha upana wa vidole viwili pamoja na jirani yangu mshonaji. Iliyobaki akaibeba. Raha ilioje, mwanangu.

Mama yako

20 Februari

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo, hofu ni kwako. Barua yako nimeisomea kazini, stoo ya jiko la hospitali. Keki, Mama? Mimi ndiye ninayesukuma toroli la chakula kwenye wodi ya waliokatwa miguu. Wote walianza na kidogo. Baba naye alianza na kidogo, na bega alilolishika akijifunza magongo lilikuwa langu.

Sitaki kukuzika na wewe kwa sababu ya utamu wa ulimi. Toa sukari, asali, jamu, vyote mpe mshonaji. Na uniapie kaburi la Baba kwamba kitu kitamu hakitaingia humo ndani mpaka mimi mwenyewe nikuandikie ruhusa. Usinichoke.

Mwanao

8 Machi

Marahaba, mwanangu.

Baba yako hakula kidogo. Alishinda na soda kutwa, chakula kikarudi jikoni kilivyo. Lakini wewe ndiye uliyembeba, sikulaumu. Haya, nimeapa. Mshonaji amesomba kila kitu, hata chupa ya vanila. Kitinda mimba kuninyima kitindamlo, dunia imepinduka!

Nyumba haina harufu siku hizi. Chakula kisicho na kitu cha kungojea mwishoni nakila nusu, kinanishinda. Sindano nachoma kama nilivyoagizwa. Juzi nilitetemeka, jasho likanitoka, maneno yakanikataa. Mshonaji akakimbilia kwake akaja na chai ya sukari, akaninywesha sina habari. Hiyo haivunji kiapo, au?

Mama yako

25 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima, maana mimi nimekasirika. Kutetemeka! Unakula kwa siri, Mama. Nawajua wagonjwa, wanaficha biskuti chini ya mto. Mwambie mshonaji chai yake ya sukari abaki nayo. Nakufokea kwa sababu nakupenda.

Mwanao

9 Aprili

Marahaba, mwanangu.

Sijambo kiasi. Sijaiba. Daktari anasema kule kutetemeka ni sukari kushuka, si kupanda, kwa kuwa nachoma sindano tumbo likiwa nusu. Ameniagiza nile chakula chote, na kama kipande changu kitanisaidia kukila, basi nile. Na niweke peremende kando ya kitanda.

Mshonaji aliniletea kopo zima, nikamrudishia. Amenigombeza kweli. Lakini kiapo si nguo ya kuvua na kuvaa, na lile kaburi nami nitalala ubavuni mwake. Andika neno moja tu, nitalipokea kopo. Sasa amekwenda kwa bintiye, niko peke yangu. Andika upesi. Naogopa kidogo.

Mama yako

24 Aprili

Mama, Mama, shikamoo.

Kula! Nimemwuliza muuguzi wa wodi, akajishika kichwa. Kula peremende, kula sukari kwa kijiko, oka ya ndimu leo hii. Nimekufungulia kiapo chote. Nilikosea, sikujua. Napiga simu hupokei, na namba ya mshonaji sina. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

17 Mei

Mama, shikamoo.

Nakuandikia mezani pako. Mshonaji aliporudi ndiye aliyekukuta. Barua yangu ilikuwa chini ya mlango, imefungwa bado. Kwenye meza palikuwa na maharage nusu sahani, umeyafunika vizuri. Kopo la peremende lilikuwa kwake, upande wa pili wa ukuta huu. Ni mimi niliyeliweka huko, Mama, na sijui nitaishi nalo vipi.

Leo nimeoka ya ndimu. Imezama katikati, ungenicheka. Nimekula chakula kwanza, chote, ndipo nikakata vipande viwili vya upana wa vidole viwili. Changu nimekimaliza huku nalia. Ni tamu sana. Chako kipo kwenye sahani yako, nami nimekaa hapa, nimekuamkia na hakuna wa kuitikia.

Mwanao