Kipimo cha Abiria wa Nyuma

3 Machi

Mwanangu Spana,

Kabla sijakusalimu nitaje kosa la wengi, maana na wewe umelifanya: wanafunga vifaa vipya, kisha wanairekebisha pikipiki kwa uzito wa dereva peke yake, ilhali anayeumia ni abiria.

Sasa, hujambo? Mimi sijambo, ila masikio. Simu imebaki kelele tupu, ndiyo maana nimefurahi umeandika. Goti nalo halikubali hata ngazi, sembuse safari ya siku mbili.

Unasema ulifunga ekzosi mpya, filta ya hewa iliyo wazi na shokapu ngumu za nyuma ili ubebe vifurushi vya wateja. Kumbe siku hizi mzigo wako ni mama yako, mara mbili kwa wiki, kwenda hospitali kuchomwa dawa ya uvimbe, na kila shimo linamtoa machozi. Tutafanya jambo moja moja. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka ekseli hadi alama utakayochora chini ya kiti. Kisha ishushe, upime ukiwa umekaa peke yako, halafu mkiwa wawili. Andika imebonyea kiasi gani kila mara. Mkiwa wawili nataka ibonyee milimita thelathini na tano hivi. Ukilegeza pete ya springi, legeza ngazi moja tu, kisha upime upya. Injini usiiguse kwanza.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako

20 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumai goti limepata nafuu. Mimi mzima, mama ndiyo hivyo.

Fundi cherehani wa chumba cha pili alitushikia tepu. Mwanzoni tukiwa wawili ilibonyea kumi na tisa tu, jiwe kabisa. Nimelegeza ngazi tatu, moja moja kama ulivyoagiza, na sasa mimi peke yangu ni kumi na nane, wawili ni thelathini na nne. Mama alikaa juu ya pikipiki uani muda wote huo, amejifunika shuka, akamwambia fundi kwamba wewe ukiombwa maji unaanza na historia ya bomba. Fundi alicheka mpaka tepu ikamponyoka, tukaanza upya.

Jumanne tulikwenda na kurudi, hakulia. Lakini injini inakatakata nikiongeza mafuta, na nikiachia inapiga mabomu. Kila mshtuko unamfikia.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mama yako bomba ndilo linaloleta maji.

Ekzosi na filta ulizofunga zinapitisha hewa nyingi kuliko kabureta ilivyozoea, na petroli imebaki ile ile. Fungua plagi uitazame. Nadhani ncha yake ni nyeupe kama chaki, na weupe huo ni dalili ya injini inayoungua kwa kukosa petroli. Badilisha jeti, kile kipande chenye tundu linalopitisha petroli ndani ya kabureta, panda namba moja, endesha, zima, itazame plagi tena. Ikiwa bado nyeupe, panda nyingine. Ikifika kahawia kama ganda la mkate, simama hapo, hata mafundi wa kijiweni wakikucheka kwamba umeogopa.

Hujaniambia anakula nini.

Mjomba wako

14 Mei

Shikamoo mjomba,

Samahani kwa kimya. Tulilazwa siku tisa. Naandika "tulilazwa" kwa sababu na mimi nililala hapo chini, kati ya kitanda chake na cha jirani.

Jeti nilipanda namba mbili, plagi ni kahawia, mabomu yamekwisha. Mafundi wa kijiweni wameniuliza nani kanifundisha, nikawaambia nina mjomba aliyefundisha chuo cha ufundi miaka thelathini na hajachoka bado.

Ila shokapu zimeanza kuwa ngumu tena. Sijagusa pete, lakini tukiwa wawili ni thelathini na moja, na mama amerudi kulia njiani. Nahisi springi zimekaza. Nilegeze ngazi nyingine?

Anakula supu, vijiko vinne au vitano.

Binti yako

23 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Poleni kwa kulazwa.

Springi haikazi kwa kutumika, ikichoka, hulegea. Usilegeze chochote. Pima kwanza ukiwa peke yako. Ikiwa imepungua chini ya kumi na nane, basi kuna kitu kimekwama na tutakitafuta. Ikiwa ni kumi na nane ile ile, niandikie.

Mjomba wako

30 Juni

Shikamoo mjomba,

Wewe hujambo? Mimi sijui nijibu nini.

Peke yangu ni kumi na nane. Nimepima mara tatu. Tukiwa wawili ni ishirini na nane. Siku hizi namfunga mama kwangu kwa shuka, kiunoni, asije akaniponyoka.

Juzi muuguzi alinivuta pembeni. Alisema dawa haijaupunguza uvimbe, kwamba kuendelea au kuacha ni uamuzi wa mgonjwa, na kwamba dawa ya maumivu wanaweza kutupa tukaitumia nyumbani. Nikamwambia kwamba mama hana shida na dawa, shida yake ni barabara.

Tulipokuwa tunarudi aliniegemea, akasema, "Mwanangu, mimi nimechoka." Nikamwambia avumilie, nimeagiza shokapu laini, zinafika baada ya wiki mbili. 

Sasa niambie hizo mpya nizifunge kwenye ngazi ya ngapi.

Binti yako

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu usiulize.

Nilijua tangu ulipoandika thelathini na moja. Nikakupa kazi ya kupima kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukupa habari. Ngoja nikueleze sasa, kwa kuwa nilipaswa kukueleza siku ile. Toa kumi na nane yako katika kila kipimo cha mkiwa wawili. Mwezi wa tatu mama yako alikuwa milimita kumi na sita. Mwezi wa tano, kumi na tatu. Sasa ni kumi. Springi ni nzima, jeti ni sawa, na kazi uliyofanya ni safi kuliko ya wengi niliowapa cheti. Kinachopungua juu ya kile kiti ni dada yangu.

Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na leo namfahamu kwa tepu ya fundi cherehani. Nimeitafuta ngazi ya kukutajia, mwanangu. Hakuna.

Hakukuambia barabara imemchosha, alikuambia amechoka. Nadhani anaona unavyohangaika na spana mkononi, na hana moyo wa kukukatalia. Nikisema zaidi nitakuwa naeleza tena, na kwa hili sina la kueleza.

Leo, kabla hujaigusa pikipiki, muulize mama yako kama anataka kwenda tena, kisha nyamaza umsikilize.

Mjomba wako