Gemu la Wawili Katika Nyumba ya Msiba

Mtaa wa Kinu cha Zamani,
Samannud, Gharbia,
Misri.
16 Novemba 2019

Mpendwa ndugu yangu Wagih,

Salamu nyingi zikufikie huko Milano, na baridi ikupitie mbali. Hujambo? Kifua chako je, bado kinakukereketa, au umeshapata koti la maana? Sisi huku tu wazima, kwa kadiri watu wa msiba wanavyoweza kuwa wazima. Mama yako goti linamsumbua, na chakula anakula kwa kubembelezwa.

Barua hii nampa Adel wa buchani, anayesafiri kesho kutwa. Atakuletea pia mlenda mkavu. Nimeandika kwa sababu simu katika nyumba hii haina faragha. Ukipiga tu, mama yako ameshaidaka. Na haya ninayotaka kukuambia yananitia aibu, ile ya kushindwa kumtazama mtu usoni. Afadhali uyasikie kwangu kabla shangazi Insaf hajayatia chumvi.

Uliniomba nimwambie mama yako kwamba unatafuta tiketi, na kwamba utafika kabla ya arobaini ya baba yako, ami yangu. Nilimwambia. Mimi najua huna karatasi za kuishi huko, na kwamba ukitoka leo hutaingia tena. Yeye hajui. Ameamini, na Alhamisi akanituma juu nikasafishe chumba chako, nikung'ute godoro, nitoe makorokoro kabatini.

Kabatini nikaikuta mashine yetu ya gemu na pedi zote mbili za kuchezea, waya zimefungwa kwa kamba ya kiatu chako. Ndugu yangu, shetani hapati taabu na mtu kama mimi. Televisheni ilikuwa imefunikwa shuka, maana tangu ami azikwe hakuna kinachosikika humu ila Kurani ya redioni. Nikaifunua. Nikajiambia naangalia tu kama mashine bado inawaka, tena sauti nimeizima.

Ikawaka. Ndugu wawili wale wale, mwekundu wangu na wa buluu wako, wamesimama mwanzo wa ule mtaa wa wahuni. Kidole kwa mazoea kikachagua wachezaji wawili. Basi nikapiga wahuni, nikasonga, nikafika ukingoni, na kioo kikakataa kusogea. Unaijua tabia ya gemu lile: mmoja akibaki nyuma, mwenziwe haendi popote. Wa buluu alikuwa pale pale mwanzo, anapigwa. Nikaweka pedi yangu, nikashika yako, nikamsogeza. Kugeuka, wangu kalazwa chini. Nikahangaika hivyo, mwalimu mzima wa jiografia mwenye mvi mbili tatu, pedi moja mkononi na nyingine mapajani, mpaka nikasahau niko wapi. Nikapaza sauti kama zamani:

"Wagih, njoo basi! Mbona unabaki nyuma, wewe?"

Nilisahau kwamba ni Alhamisi, siku ya wageni wa msiba. Chini sebule ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kuhani, wanakunywa kahawa isiyo na sukari, na nusu yao ni mama za wanafunzi wangu.

Nikasikia vishindo ngazini. Mama yako, ambaye siku hizi hupanda ngazi ile kwa kupumzikapumzika, alipanda mbio, bila viatu. Akatazama nyuma ya mlango, akatazama kitandani. Akaniuliza uko wapi. Mungu anisamehe. Nikanyoosha kidole kwenye televisheni.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alikaa tu kitandani mwako, ameshika goti lake.

Aliyenigombeza ni shangazi Insaf, aliyefika na wanawake wenzake nyuma.

"Kaburi la kaka yangu halijakauka," akasema, "na mwalimu wetu anapigana ngumi na umeme. Hongera, baba."

Tena mmoja wao alikuwa ameshatoka barabarani kutangaza kwamba umefika. Kinyozi Sabri akaja na taulo begani kukupa pole, na majirani wakamfuata. Nikasimama mlangoni nawarudisha mmoja mmoja, namweleza kila mtu kwamba lilikuwa gemu. Jana msikitini nilijibanza safu ya mwisho, na bado waligeuka kunitazama. Mke wangu Nagat hasemi nami ila kwa kuwatuma watoto.

Nilidhani yameishia hapo. Jana baada ya swala ya Ijumaa nikaenda kumwomba mama yako radhi. Nikamkuta chumbani kwako, shuka ameshaitoa mwenyewe kwenye televisheni. Akaniambia niwashe. Nikamkumbusha kwamba tumo msibani. Akasema ami angekuwa hai angetutukana sote wawili, kwa hiyo niwashe tu.

"Yupi mwanangu?" akauliza.

Nikamwambia wa buluu, nikampa pedi yako. Kupiga hajui, basi nikamwonyesha kitufe cha kutembea, mapigano nikabaki nayo mimi. Akawa anamsukuma kushoto, tena kushoto, mpaka wa buluu anajigonga ukingoni. Nikakumbuka hata sisi tulipoanza tulimsukuma huko, kama tunavyosoma kitabu cha Kiarabu. Nikamwelekeza kwa upole kwamba gemu hili ni la kigeni, mbele yake ni kulia.

"Najua mbele ni wapi, mwanangu, nina macho," akasema. "Namrudisha nyumbani."

Nikamwambia gemu hili halina kurudi. Ukishapita mahali, pamefungwa. Akaendelea kubonyeza kushoto mpaka wa buluu akafa, kisha akaniuliza kama tunaweza kuanza upya.

Wagih, mimi siwezi kumdanganya tena. Kumwita mtu asiyekuwapo na mama yake akapanda ngazi mbio, hiyo ni aibu yangu na nitaibeba. Lakini aibu kubwa ni kwamba hata nilipomwona hana viatu, neno la tiketi nililiacha lisimame. Mpigie wewe mwenyewe, umweleze habari ya karatasi. Atalia, nami nitakuwa karibu naye. Asiendelee kutandika kitanda kile kwa sababu ya neno langu.

Shangazi Insaf anakusalimu. Mimi mwenyewe leo kaniitikia salamu, ingawa kwa shingo upande. Nagat na watoto wanakusalimu sana. Kinyozi Sabri anasema pole yako anayo, ameiweka. Mungu akukinge na baridi, akupe riziki isiyokutenga na watu wako.

Mama yako hakutuma salamu. Nilimwambia kuna barua inaondoka, atume chochote. Amesema salamu zako anazo, atakupa ukifika.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Hamdi