Jicho la Juu, King'ora Bubu

Mdogo wangu,

"Setilaiti yetu inaokoa maisha," ulisema redioni. Sibishi kwamba iliyaona mafuriko. Iliyaona tangu mchana, kabla maji hayajatufikia usiku, na picha zikafika ofisini kwenu. Lakini king'ora cha mtaani kwetu hakikulia, maana betri yake ilikufa mwaka jana na hakuna aliyejali kuibadilisha.

Hapa hatujambo. Matope tumeyakwangua ukutani, na shangazi amefua mapazia. Kiti cha Mama kimekauka, ila hakuna anayekikalia tangu tumzike.

Jirani anasema usiku ule alimsihi Mama waondoke pamoja. Mama akamjibu, "Mwanangu ndiye mwenye jicho la angani. Kungekuwa na hatari, king'ora kingelia. Nenda wewe, mwoga." Akaendelea kukunja nguo.

Unaniita adui wa sayansi. Haya, rusheni vyombo hadi mwezini, lakini picha haimwokoi mtu asiyefikiwa na onyo.

Wewe na wakubwa zako, kabla hamjarusha chombo cha pili, njooni mtie betri hapa. Mkiwashe king'ora kile, nasi tukisikilize tukiwa tumesimama kaburini kwa Mama.

Ni mimi, kaka yako.