Salome, Teremsha Hizo Betri Zilizo Juu ya Bati

Sharja, siku ya Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi

Kwako binti yangu Salome, hapo Garsen,

Kabla ya neno lolote, nijulie hali ya nyumba nzima. Macho ya baba yako yanaendeleaje, bado anamwita mbuzi kwa jina la ng'ombe? Na mguu wa mama yako, umeshakubali kupanda pikipiki? Wewe mwenyewe je, unakula, ama unashinda pale mezani kwako ukichokora simu za watu mpaka chai inapoa? Mimi baba yako mdogo ni mzima. Nakula, nalala, na jua la huku halijanimaliza ingawa linajaribu kila siku.

Najua karatasi hii imekushangaza. Utasema, mtu mwenye simu mbili anaandika barua ya nini? Ni kwa sababu kwenye simu mdomo wangu hukimbia mbele yangu. Nikisikia watu wa nyumbani wanacheka nyuma yako, naongeza kidogo, halafu naongeza tena. Kalamu ni nzito. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo kila neno inabidi nilitafute kwanza, na mtu anayetafuta maneno hivi hapati nafasi ya kuongeza chumvi. Barua anakuletea Kazungu, yule Mgiriama ninayelala naye chumba kimoja. Anakuja likizo, na atashuka hapo Garsen kabla ya kufika kwao. Mpe chai, mkalishe, na usimwachie aende kabla hujamuuliza nitakayokwambia umuulize.

Jambo lenyewe ni hizi vepu. Uliniambia abiria wa mabasi ya Lamu wanazitupa hapo stendi, vile visigara vya betri vyenye harufu ya maembe na peremende, vikishaisha ama vikianza kutoa ladha ya kuungua. Ukasema umejaza mkebe mzima. Ukaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi fundi wa vitu hivyo huku, kama kuna faida kuzifungua, kuzungusha koili mpya ndani, kutia pamba mpya na kuwauzia tena vijana wa Garsen. Kisha ukatia maneno mawili mwishoni kama mtu anayekumbuka kitu akiwa mlangoni. La kwanza, kwamba betri zake umezianika juu ya bati kama alivyokuwa akifanya babu yako. La pili, kwamba umemwambia binamu yako Maro alichukue shamba la Hewani msimu huu, maji ya mto yakishuka, kwa sababu huwezi kukaa mezani na shambani kwa wakati mmoja.

Nilikutumia ujumbe siku ile ile, kwamba betri uziteremshe na shamba usilitoe. Ukanijibu kwa kicheko. Ukasema, "Baba Mdogo, unanificha ujuzi. Unataka ule huko peke yako?"

Hapo niliiweka simu chini nikaenda kutafuta karatasi. Sikukasirika. Niliona kwamba uongo wangu umefika nyumbani kabla yangu na umekalia kiti changu.

Ngoja nianzie mbali, utanielewa. Babu yako, yaani baba yangu, alikuwa na benchi lake nyuma ya nyumba kule Hewani, upande wa mto, mahali ambapo nyani wa msituni walikuwa wanakuja kumtazama kazini. Alitengeneza taa za chemni, tochi, redio, hata baiskeli. Waorma wafugaji walitoka na redio zao mbali kama Bangale, siku nyingi njiani, wakaja na kibuyu cha maziwa yaliyofukizwa, wakakaa chini wakangoja. Betri za tochi zilizochoka alizipanga juu ya bati tangu asubuhi, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, na kazi ya kuzigeuza ilikuwa yangu. Nilizigeuza kama mtu anayegeuza muhogo mkavu. Jioni tukizitia kwenye tochi, inawaka. Mara moja tuliziacha juani wiki nzima. Nilipowasha tochi nikaelekeza ng'ambo ya mto, majogoo wa watu wakawika, wenyewe wakatoka na majembe wakidhani kumekucha. Hilo baba yako alikuwepo, muulize. Atasema ni jogoo mmoja, lakini macho yake unayajua.

Na bibi, mama yangu mimi, alikuwa na kiko chake cha kibuyu. Unakikumbuka, kile kilichokuwa kikikoroma maji kama paka. Kichwa chake kilikuwa cha udongo, na kikipasuka hakulia wala hakutupa. Aliteremka mtoni, akakata udongo kiganja kimoja, akafinyanga kichwa kipya, akakichoma kwenye majivu pamoja na viazi. Sisi tunakula viazi, yeye anavuta. Kibuyu kilikuwa kile kile tangu nizaliwe mpaka tulipomzika. Basi mimi nilikulia kwenye nyumba ambayo hakuna kitu kilichokufa mara moja. Nilipokuja huku nikaona watu wanavuta kitu siku tatu, wanakitupa na betri yake ndani, moyo uliniuma kama nimeona chakula jaani.

Sasa sikiza. Nilikwambia nina karakana. Sina karakana, Salome. Mimi nazoa takataka nje ya jengo moja la maduka, na vepu nilizitoa kwenye mapipa ninayoyamwaga mwenyewe. Meza yangu ilikuwa sanduku la nguo mwisho wa kitanda. Nilikwambia nafungua vepu moja kwa dakika tatu. Ya kwanza niliifungua kuanzia chai ya asubuhi, nikaja kuifunga wakati wenzangu wa kambi ya wafanyakazi wanaondoka kwenda kuswali alasiri.

Haina skrubu. Babu yako, mtu akimletea kitu kigeni, alikigeuza kwanza mara tatu mkononi akitafuta skrubu. Asipoiona alikuwa anamrudishia mwenyewe kwa heshima, anasema huyu aliyekitengeneza hakutaka tuonane. Mimi nilikumbuka hilo na bado nikachukua kisu. Nikang'oa kitako, nikavuta utumbo wote nje. Koili yenyewe ni waya mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, umezungushwa mara tano sita, umevishwa pamba. Pamba hunywa ile dawa tamu ya majimaji iliyomo ndani, waya hupata moto, mvuke hutoka. Pamba ikikauka inaungua, na hapo ndipo mtu anatupa. Nilitoa waya kwenye mashine mbovu ya kukaushia nywele, nikanunua pamba ya duka la dawa, nikazungusha juu ya sindano. Waya ulikatika. Nikazungusha tena. Miguu ya waya ikakataa kushika solda ya kulehemu. Nikaikaza kwa koleo, nikatia dawa, nikafunga kwa gundi.

Kazungu ndiye aliyeijaribu. Alivuta mara tatu, akaitazama, akanitazama.

"Umetia nini humu, godoro?"

Mara ya nne haikutoa kitu. Siku nzima ya mapumziko, ya mtu mzima mwenye mvi, mivuto mitatu yenye ladha ya godoro. Jioni yake nikakupigia simu nikakwambia nimezitengeneza ishirini na wateja wamepanga foleni. Sijui kwa nini. Ulicheka ukaita wenzako waje wasikie, na mimi nikajiona niko pale kwenye benchi la babu yako.

Niliendelea Ijumaa nyingine tatu. Kila nne nilizofungua, moja ilivutika. Nami nikajiambia, kosa si langu, ni la betri, zimechoka. Na betri iliyochoka dawa yake naijua. Nikazipanga kwenye kizingiti cha dirisha, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, mchana, jua la Sharja limesimama juu ya kichwa. Kazungu akapita na ndoo yake ya nguo, akaniita kwa kabila langu, "Mpokomo, hizo ni betri ama umeanika kambare?" Nikamwambia anyamaze, huu ni ujuzi wa mto. Nikaenda kufua.

Nilisikia mlio kama chungu kinachofurikia moto. Nilipoingia, betri moja ilikuwa imevimba kama jipu, na kabla sijaifikia ikapasuka ikatema moto, taulo lililokuwa kwenye kamba likashika. Nikafanya ambavyo ungefanya wewe. Niliinyakua kwa mkono niitupe nje. Haikutoka mkononi, Salome. Ilinishika. Kazungu alikuja na ndoo ya mchanga ya pale mlangoni, akamwagia dirisha, akanimwagia na mimi. Chumba kizima watu wanane tulisimamishwa uwanjani mbele ya msimamizi. Vifaa vyangu vyote vilichukuliwa, na niliambiwa nikirudia napandishwa ndege siku hiyo hiyo.

Ulipiga simu ya video wiki ile ukauliza mbona mkono uko mfukoni, nikasema kuna baridi. Baridi, Sharja. Hukushtuka hata kidogo. Kidole gumba cha kulia hakina ukucha sasa, na ngozi yake imekuwa ngumu kama ya kwato. Kufagia nafagia. Lakini nikishika bisibisi, kidole hakisikii tena kichwa cha skrubu. Natafuta kwa macho kama mtu anayejifunza. Hilo sijamwambia mtu ila wewe. Kama unaona hata hili ni hadithi, mgeukie Kazungu sasa hivi, kabla hajamaliza chai. Yeye hajui kuongeza. Hata bei ya samaki huitaja kama ilivyo.

Zile betri za babu yako zilikuwa na unga mkavu ndani, jua liliziamsha kidogo zikakohoa mwanga wa siku mbili. Hizi ndani yake kuna kitu kingine, na jua ni adui yake. Hapo Garsen mchana, wewe mwenyewe huwezi kukanyaga bati bila viatu. Kwa hiyo ziteremshe. Ngoja jioni bati lipoe, uziokote kwa koleo, si kwa mkono. Iliyovimba usiiguse wala usiitoboe, isukume kwa kijiti iingie kwenye chungu cha mchanga. Chungu kikae nje, kivulini, mbali na nyumba na mbali na makuti ya jirani. Usizichome na usizitupe mtoni. Wale wanaokuja kununua simu mbovu kuzipeleka Malindi, waulize kama wanazichukua.

Na swali lako nalijibu sasa, bila simu na bila kicheko. Haifai. Koili ya vepu hailipi ile kazi. Utapoteza siku nzima kwa kitu ambacho kipya chake mtu anakinunua kabla hujamaliza kukifungua, na hata ukishinda, hujui waya ule ni wa madini gani, na kuna mtoto wa mtu atavuta moshi wake uingie kifuani. Simu endelea nazo. Simu zina skrubu, na mikono yako ni ya babu yako kuliko ilivyokuwa yangu. Hilo pia sijawahi kulisema kwenye simu.

Sasa shamba. Maro si mtu mbaya, na akiomba kulima amekuomba vizuri. Lakini wewe unajua kwetu mambo yalivyo. Maji yakishuka, anayeingia topeni kwanza na mbegu mkononi ndiye mwenye msimu. Msimu wa kwanza ataitwa mgeni wako. Msimu wa pili akiingia tena yeye, wazee hawaulizi, shamba limezoea miguu yake. Mwaka jana hukupanda, ukasema mvua imekuzuia, na Maro akapanda. Huu ndio wa pili. Nilikuachia kipande kile nilipoondoka kwa sababu nilijua ungenitunzia, na nilijifanya kama ni kitu kidogo, maana nilikuwa naenda kuwa tajiri.

Mimi sina karakana, mwanangu. Nina shamba hilo. Nikiwa nimesimama na ufagio hapa, huwa naingia pale kwa miguu mitupu. Natia kisigino, tope linapanda mpaka kifundoni, ubaridi wake unafika kwenye meno. Naona msitu ng'ambo, nasikia baba yako ananiita nisiharibu mistari yake. Nikirudi na kidole hiki, jembe nitalishika vizuri. Jembe halihitaji gumba lenye akili. Basi kamwambie Maro kwamba aliyekosea ni Baba Mdogo kwa uongo wake, si wewe, na umgawie upande wa migomba apande pamoja nawe. Nenda na pikipiki asubuhi, funga meza siku mbili tatu. Simu za watu zitakungoja.

Nisalimie baba yako, kaka yangu mkubwa, umsomee barua hii yote, hata pale pa jogoo. Mama yako, shemeji yangu, mwambie nimekumbuka wali wake wa nazi na samaki. Nisalimie shangazi yako anayeimba kwaya kule Ngao, na yule jirani mzee aliyekuwa akinikopesha mtumbwi, kama bado anapumua kwa hasira zile zile. Na Maro pia, kwa upendo.

Jambo la mwisho. Upande wa mto kabisa nipandie mimi mistari miwili ya pojo, zile ndengu za kijani. Unakumbuka nilivyokuwa nawaambia kwamba mistari yangu ilinyooka mpaka marubani wa ndege za Lamu wakawa wanaifuata? Basi inyooshe, Salome. Watadhani nimerudi. Waache wadhani.

Ni mimi baba yako mdogo,
Jillo, mfagiaji, Sharja